Meza ya Maulizo: Nani atakaa mezani?

*Shikamoo Mama. Mimi ni mkutubi wa chuo kimoja cha ualimu mkoani Tanga. Mwezi uliopita mkuu wetu alirudi kutoka semina na habari moja tu mdomoni: maktaba ya kisasa iko ndani ya ulimwengu pepe. Wanafunzi watavaa miwani, wataingia kwenye jengo la picha, watasomea humo. Ameshaletewa profoma ya miwani kumi na seva, na fedha inayotajwa ni bajeti yetu ya vitabu ya miaka miwili. Mimi ndiye niliyeambiwa niandike andiko la mradi. Teknolojia siikatai, ila nataka kujua: wakutubi wenzetu wamewahi kulifanya jambo hili mahali popote? Liliishia wapi?* — Mkutubi, Tanga

Marahaba, mwanangu. Limefanywa, na mimi nilikuwamo. Ndiyo maana barua yako nimeitanguliza, na utanivumilia nikienda kirefu.

Mwaka 2006 nilikuwa Champaign, jimbo la Illinois, Marekani, nikisomea shahada ya pili ya ukutubi. Mwendo wa kama saa moja na nusu kwa gari kutoka pale, East Peoria, palikuwa na mtandao wa maktaba ulioitwa Alliance Library System. Aprili mwaka ule, wao pamoja na OPAL, ushirika wa maktaba uliokuwa ukiendesha vipindi vya mtandaoni, walianzisha maktaba ndani ya Second Life. Usidhani Second Life ni gemu la kushinda na kushindwa. Ni ulimwengu uliofunguliwa mwaka 2003 na kampuni ya Linden Lab ya San Francisco. Unajitengenezea mwili wa picha, yaani avata, unatembea, unaruka angani, unapanga kiwanja, unajenga. Karibu kila unachokiona humo kimejengwa na wakazi wenyewe. Wakutubi walianzia padogo, na Oktoba 2006 wakafungua kisiwa chao, Info Island.

Kilichotuvuta ni kile ambacho mkutubi yeyote anakijua: watu wamehamia kule, basi nasi tuwafuate. Huduma ya maktaba ya Kenya iliwaza hivyohivyo mwaka 1996 ilipowatwika ngamia masanduku ya vitabu kuwafuata wafugaji wa Garissa. Wengine waliona tunacheza. Mimi sikuona tofauti kubwa kati ya ngamia na avata, mradi kuna msomaji mwisho wa safari.

Nilijiandikisha mwanzoni mwa 2007, katikati ya baridi. Avata niliyoichagua kwenye orodha ilikuwa msichana mwembamba wa kizungu mwenye suruali ya jinzi. Sikutaka kukaa mezani kupokea wageni kwa sura ya mtu mwingine. Nikampa rangi yangu, nikamnenepesha, kisha nikaitandaza kanga yangu kitandani, nikaipiga picha, nikaipandisha. Kupandisha picha moja kuligharimu Linden 10, hiyo ndiyo fedha ya kule. Picha ikageuka kitambaa cha sketi. Mara ya kwanza jina la kanga lilikatika kwenye mshono wa ubavuni: nusu likasomeka mbele, nusu nyuma. Nikarudia vipimo usiku ule, na usiku uliofuata, mpaka mara ya nne likakaa sawa juu ya pindo: MGENI NJOO MWENYEJI APONE.

Kanga ile ilinisaidia kuliko bango la kisiwa. Mtu akitua, huuliza kwanza sketi imeandikwa nini. Namweleza. Akishacheka au akishanyamaza kidogo, anasema kilichomleta.

Meza ya maulizo ilikuwa meza kweli, na mkutubi nyuma yake. Zamu yangu ilikuwa saa mbili kila wiki, usiku wa manane kwa saa za Illinois. Wenzangu walikuwa wakutubi waliojitolea kutoka nchi mbalimbali, na wengi hatujaonana uso kwa uso hadi leo. Tuliongea kwa kuandikiana. Ukianza kuandika, avata yako inanyanyua mikono mbele na vidole vinacheza hewani kana kwamba inapiga chapa, na sauti ya kibodi inasikika. Hapo mgeni anajua unamjibu. Kuongea kwa sauti kulikuja baadaye mwaka huohuo wa 2007.

Maswali mengi hayakuhusu vitabu hata kidogo. Nabadilishaje nywele? Nimekwama ukutani, natokaje? Wapi pana muziki? Baadhi ya wenzetu walichoka, wakasema hiyo si kazi ya mkutubi. Mimi niliona ndiyo kazi yenyewe. Kabla ya kwenda masomoni nilikuwa nakaa kaunta Dar es Salaam, na mtu wa kwanza asubuhi huuliza choo kiko upande gani, au Posta anafikaje. Ukimjibu vizuri, kesho anarudi na swali la kitabu.

Usiku mmoja alitua mtu amevaa sanduku kichwani. Kule nguo ukinunua huja ndani ya sanduku, na ukikosea kulifungua linakuganda mwilini. Alikuwa amezunguka nalo siku mbili, akiona haya kuuliza. Nikamwelekeza: bonyeza kulia, livue, nenda kwenye uwanja wa kujengea, liweke chini, sasa lifungue. Dakika tatu tukamaliza. Lakini hakuondoka. Mikono yake ikanyanyuka kuandika, ikashuka. Ikanyanyuka tena, ikashuka. Nikajua huyu anaandika na kufuta. Nikasubiri. Kisha ikaja yote kwa mkupuo: mama yake ameambiwa ana ugonjwa wa figo, daktari alizungumza haraka, yeye hakuelewa, na saa ile hana wa kumwuliza.

Nilimchukua mpaka HealthInfo Island, kisiwa jirani kilichojengwa kwa msaada wa fedha kutoka National Library of Medicine, maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani. Tukakaa kwenye benchi. Tukafungua kurasa za MedlinePlus, tovuti ya maktaba hiyo ya habari za afya, tukasoma pamoja, kila mmoja kwenye kioo chake. Kila alipofika kwenye neno gumu alisimama, tukalitafuta maana yake. Sikumwambia mama yake afanye nini, kwa maana mkutubi si daktari. Nilimsaidia kuandika maswali matano ya kwenda nayo kliniki. Alipoondoka ilikuwa saa tisa na nusu usiku kwangu. Jina lake halisi silijui, wala nchi yake.

Kurasa zile angeweza kuzifungua mwenyewe kwenye kompyuta yoyote, bila avata na bila kisiwa. Alichokikosa ni mtu wa kukaa naye. Kisiwa kilimsaidia kwa jambo moja ambalo siwezi kulidharau: aliweza kusimama mbele ya mtu bila kuonekana uso, na mtu yule alikuwepo.

Nikuambie sasa habari ya majengo. Tulikuwa nayo mazuri sana. Ghorofa za vioo, rafu zimepangwa, vitabu vya picha ambavyo ukivigusa vinakufungulia ukurasa wa wavuti uleule ambao ungeufungua ukiwa umekaa kwako. Nikipita saa zisizo na zamu, sikuti mtu. Second Life ina sauti ya upepo, na niliwahi kulizunguka jengo zima la maonyesho nikiusikia upepo huo tu. Lakini palikuwa na maktaba nyingine, ndani ya Caledon, nchi ya wakazi waliopenda kuishi kama watu wa karne ya 19, magauni marefu na mashine za mvuke. Maktaba ile ilianzishwa na mkazi mwenzao. Ikakusanya maandiko ya zama zile walizozipenda, ikaitisha mazungumzo, watu wakaja. Mkutubi wao aliwajua majirani zake na alijua wanataka kusoma nini. Sisi wengine tulijenga kisiwa baharini, tukasubiri mashua.

Na kiwanja cha kule ni cha kupanga, mwanangu. Hili mkuu wako alisikie vizuri. Kisiwa kizima, mita 256 kwa 256, bei yake ilikuwa dola 295 kwa mwezi, na taasisi za elimu zilipunguziwa nusu. Oktoba 2010 Linden Lab ikatangaza kuwa punguzo linaondolewa kuanzia Januari 2011. Mwaka huo wa 2011 Alliance nayo ikaunganishwa na mifumo mingine ya maktaba ya Illinois. Vyuo vingi vikafungasha. Nyumba ya udongo ikitelekezwa hubaki magofu, utaona hata msingi. Kisiwa cha kule kikizimwa, ukifungua ramani unaona maji ya buluu.

Mimi mwenyewe yamenikuta. Nilitengeneza onyesho dogo la majina ya kanga, majina 31, kila moja na maelezo yake, kwenye kiwanja nilichoazimwa na taasisi moja. Baadhi ya maelezo niliyapata kwa simu kutoka kwa shangazi yangu, ambaye alijua kanga ipi ilitoka mwaka gani na nani alimvalia nani. Niliyaandika mlemle, moja kwa moja, kwa haraka ya kutaka wageni wayaone. Mwenye kiwanja akaacha kulipa, na sisi tuliojenga hatukuambiwa. Picha za kanga ninazo mpaka leo. Maneno ya shangazi sinayo, na shangazi amefariki. Nimefanya kazi ya kuhifadhi maandiko ya watu maisha yangu yote, na hayo sikuyawekea nakala. Bado inaniuma.

Kuanzia 2008 hadi 2010, chuo kikuu cha Illinois pamoja na Maryland, Stanford na Rochester Institute of Technology walifanya mradi wa kutafuta namna ya kuhifadhi ulimwengu wa aina hii, kwa fedha za Library of Congress, maktaba ya bunge la Marekani, na Linden Lab wenyewe wakiwa washirika. Hata wao walikutana na kizingiti: kila kiti na kila ukuta una mwenyewe aliyeutengeneza, hivyo kuhifadhi kisiwa kimoja kunahitaji ruhusa za watu wengi, na wengine walikwisha hama.

Utaniuliza sisi huku Afrika Mashariki tulikuwa wapi. Hatukuwamo, na si kwa kukosa hamu. Second Life inashusha kila ukuta na kila nguo kutoka mtandaoni kadiri unavyopita, na intaneti yetu wakati ule ilitegemea setilaiti. Kebo ya SEACOM, ile ya intaneti ipitayo chini ya bahari, ilitufikia Julai 2009. Likizo ya 2008 nilijaribu kuingia nikiwa kwenye mgahawa wa intaneti Kariakoo. Dakika ishirini nzima niliona kuta za kijivu tu. Wakati kebo imefika na sisi tungeweza kuingia, wenzetu walikuwa wanatoka.

Kwa hiyo andiko liandike, tena liandike kwa moyo. Ila ukurasa wa kwanza uwe jedwali la zamu, profoma ikae nyuma. Nani atakaa mezani, siku gani, saa ngapi? Wanafunzi wako wana simu na bando la jioni. Omba muhula mmoja wa majaribio: namba moja ya WhatsApp ya maktaba, saa moja hadi saa tatu usiku, mkutubi anajibu. Kila swali liingie kwenye daftari pamoja na jibu lake. Muhula ukiisha, lisome daftari lote na mkuu wako, swali kwa swali. Ukikuta wanafunzi wa baiolojia wanahangaika kuelewa moyo unavyosukuma damu kwa kuangalia mchoro bapa wa kitabuni, hapo una hoja ya miwani, na pengine miwili inatosha badala ya kumi. Ukikuta wanaomba nakala za vitabu vya rejea ambavyo hamna, fedha hiyo ina kazi nyingine.

Na kama chuo kinataka tu kuonja ulimwengu pepe, ipo programu ya bure, OpenSimulator, iliyoanza 2007. Inakaa kwenye kompyuta yenu wenyewe, hata bila intaneti, na mnachojenga ni chenu. Mwalimu wa kompyuta akipenda kuhangaika nayo, mpe wikendi mbili. Yule muuzaji naye mwulize swali moja: mkiacha kulipa ada yake ya mwaka, mkononi mnabaki na nini? Jibu lake mwambie aliandike kwenye profoma.

*Assalaam alaykum dada. Kijana wangu wa miaka 13 ananiambia anasoma maktaba ndani ya Minecraft, lile gemu la kujenga kwa matofali ya picha. Nimechungulia, kweli nimeona jengo kubwa la nguzo nyeupe na kuba. Je, kuna maktaba humo, au ananizuga nisimzimie kompyuta?* — Mzazi, Mombasa

Waalaykum salaam, kaka. Hakuzugi. Jengo hilo linaitwa The Uncensored Library, maktaba isiyo na udhibiti. Ilifunguliwa tarehe 12 Machi 2020 na Reporters Without Borders, shirika linalotetea waandishi wa habari, na wajenzi walikuwa kundi la BlockWorks. Wamelijenga kwa zaidi ya matofali milioni 12. Humo mna maandishi ya waandishi ambao kazi zao zilizuiwa nchini kwao, na nchi za mwanzo zilikuwa Misri, Meksiko, Urusi, Saudi Arabia na Vietnam. Maandishi ya Jamal Khashoggi, aliyeuawa Istanbul Oktoba 2018, yamo. Wazo lao lilikuwa hili: pale ambapo tovuti imefungwa, gemu limeachwa wazi, kwa hiyo makala yanaingizwa ndani ya vitabu vya gemu, kijana akifungua kitabu anaisoma habari. Jengo zima mtu anaweza kulishusha na kubaki na nakala yake, kwa hiyo hata seva moja ikizimwa vitabu vinaendelea kuishi kwingine. Ukiwa umesoma jibu langu la juu, utaelewa kwa nini jambo hilo linanigusa.

Sasa kuhusu kumzimia. Naomba kwanza uvute kiti ukae naye. Mwambie akutembeze, akuchagulie kitabu kimoja, akusomee kwa sauti, kisha akueleze mwandishi alifanywa nini na kwa sababu gani. Chumba cha Meksiko kinawakumbuka waandishi waliouawa, na kwa miaka 13 si vema akakisoma peke yake. Halafu mwulize anaongea na nani humo. Maktaba ni maktaba, lakini seva zingine za gemu zina watu wa kila aina. Wakutubi wa Marekani walipowahudumia vijana ndani ya Second Life ya vijana, kwenye kisiwa cha Eye4You walichokiendesha na maktaba ya Charlotte, watu wazima walichunguzwa rekodi zao kwanza kabla ya kuruhusiwa kuingia. Nyumbani kwako mchunguzi ni wewe. Ukikuta anasoma kweli, mwongezee nusu saa, na Jumamosi mpeleke kwenye maktaba ya matofali ya kweli akalinganishe.

*Habari Mama. Nasomea ukutubi Kampala. Je, wale wakutubi wa Second Life wamekwisha wote? Kama wapo, nitawapataje?* — Mwanafunzi, Kampala

Salama, binti yangu. Wapo. Kazi ya Info Island imerithiwa na Community Virtual Library, ya wakutubi wa kujitolea, na haiko Second Life pekee. Ingia kwa kompyuta yenye kadi nzuri ya michoro. Akaunti ni bure. Tafuta jina lao kwenye sehemu ya kutafutia, ukibonyeza unahamishwa hapo hapo.

Saa za kule ni za California. Kati ya Novemba na katikati ya Machi ongeza saa kumi na moja kupata saa yetu, miezi mingine ongeza kumi. Wakitangaza mkutano saa moja usiku wa kwao mwezi Januari, kwako ni saa kumi na mbili asubuhi ya siku inayofuata, kwa hiyo lala mapema. Ukitua, andika salamu, sema wewe ni mwanafunzi na unatoka wapi. Na ukimkuta mkutubi amesimama ameinamisha kichwa, usidhani amekupuuza. Ndivyo avata inavyokaa mwenyewe akiwa ameinuka kidogo kitini pake. Msubiri, atarudi.